Imeliwa ao imefungwa? Maneno ya pesa katika mkataba wa kukodi gari

Tunapozungumza juu ya kuunda istilahi hapa kitivoni, mifano huwa ileile: kompyuta, udaktari, sheria za uchaguzi. Mimi nimechukua karatasi ya chini zaidi, mkataba wa kukodi gari kwa siku nne. Ni karatasi ya familia yangu. Wakati wa likizo kubwa ya mwaka jana, mama mdogo wangu anayeishi Brussels alipanga kuwapeleka watoto wake watatu Disneyland Paris, pamoja na mama yake, yaani nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita kambo. Kambo alikuwa ametoka Lubumbashi kuwatembelea. Anaongea Kisanga na Kiswahili cha mjini. Kifaransa anakisikia kidogo, lakini si Kifaransa cha mikataba. Mimi nilibaki Lubumbashi, nikawa mfasiri wa mbali. Wote wawili walinipa ruhusa ya kutumia jumbe zao za sauti za wiki tatu za maandalizi, kwa sharti nisitaje majina.

Hoja yangu ni hii: Kiswahili hakikukosa maneno ya mkataba ule. Tatizo ni kwamba neno moja la nyumbani, garanti, lilibebeshwa pesa za aina nne, na kambo alikuwa na sababu nzuri ya kutaka kuzitenganisha.

Sababu yenyewe ni mabati. Kambo alikuwa amesafiri na pesa ya kuezekea upya nyumba yake ya komini ya Kenya, kwa kuwa hakutaka kumwachia mtu. Mama mdogo alikuwa na kadi ya mkopo yenye kiwango cha euro 1,500. Hoteli ilikuwa imeshakula 850. Kampuni ya magari ilitaka 900 za garanti, tena ilikataa kadi ya kawaida ya benki: kadi ya mkopo tu, yenye jina la dereva. Benki yake inaruhusu mtu aweke pesa juu ya kadi ili kiwango kipande, kwa hiyo akamwomba kambo dola 350. Familia ilikuwa ya watu sita na gari lao ni la watu watano. Bila gari la kukodi, kambo angebaki nyumbani, maana treni na kutembea stesheni vingemchosha. Mvua za kwetu zinaanza mnamo Novemba. Swali la kambo, lililonifikia kwa simu saa tano usiku, lilikuwa fupi: «Sasa, ile makuta balishaikula ao balishaifunga?»

Nitarudi kwenye vitenzi hivyo viwili. Kwanza niseme juu ya safari yenyewe, kwa sababu hata jina la mahali lilihitaji ufafanuzi. Disneyland Paris haipo Paris. Iko Marne-la-Vallée, kama kilomita 32 mashariki mwa mji, na ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 kwa jina la Euro Disney. Bustani ya pili iliongezwa mwaka 2002. Mama mdogo aliiita «parke», na kambo akauliza kama kuna simba. Swali halikuwa la kuchekwa. Kwa mtu wa Katanga, parke ni Upemba na Kundelungu. Kamusi za sanifu zitatupa «bustani ya burudani», lakini bustani kwa kambo ni mahali pa mchicha. Mjukuu wa miaka minane ndiye aliyemaliza mjadala: «Ni mashini za kubembea.» Bembea tunaijua sote.

Barabara ilikuwa rahisi zaidi kueleza. Kutoka Brussels ni zaidi ya kilomita 300. Ubelgiji gari dogo halilipi chochote kwenye barabara kuu. Ufaransa kuna peaje, na neno hilo halihitaji mfasiri kwa yeyote aliyewahi kwenda Kasumbalesa au Likasi. Hata mkono wa barabara ni uleule wa kulia kama kwetu. Mazutu ni mazutu.

Sasa kitenzi chenyewe cha kukodi. Kifaransa kina *louer* tu, na *louer* hakisemi nani anatoa na nani anapokea: mwenye gari *loue*, na mteja pia *loue*. Kiswahili sanifu hutenganisha kwa kiambishi cha kusababisha: mteja anakodi, kampuni inakodisha, kama vile mpangaji anavyopanga na mwenye nyumba anavyopangisha. Ndivyo tunavyofundishwa. Ukisikiliza watu, hata wa Dar es Salaam na Nairobi, utasikia mteja akisema «nimekodisha gari» bila mtu kushtuka, huku *kukopa* na *kukopesha* vikibaki mbalimbali kabisa. Nadhani sababu ni ya kijamii: kumkosea mtu kati ya mdai na mdaiwa kuna madhara, kumkosea kati ya mteja na kampuni hakuna. Mama mdogo yeye alisema «tuko na-louer motoka», kitenzi cha Kifaransa ndani ya nguo za Kiswahili, kama tunavyofanya sote nje ya darasa. Kuchanganya huko hakukuzuia lolote. Kambo alielewa mara moja.

Alichokosa kuelewa kilikuwa na sura ya Kiswahili safi kuliko hicho. Hii hapa sentensi ya mama mdogo, neno kwa neno: «Kama tunaongeza garanti, garanti itapunguka.»

Ukiijua karatasi, sentensi hiyo ni sahihi. Garanti ya kwanza ni ile ya lugha ya bima ya Kifaransa, ambapo *garantie* ni kinga unayonunua. Garanti ya pili ni *franchise*, ile sehemu ya hasara ambayo bima haiilipi na ambayo inabaki juu ya mteja. Kwa gari lao ilikuwa euro 1,100. Ukinunua kinga zaidi, sehemu yako inapungua. Lakini katika jumbe hizo hizo, garanti ilikuwa pia *caution*, zile 900 za kushikiliwa kwenye kadi, na pia pesa ya kwanza iliyotumwa hotelini. Aina nne, jina moja. Na jina hilo halikuwa tupu kichwani mwa kambo. Lubumbashi garanti ni miezi ya kodi ambayo mpangaji anamkabidhi mwenye nyumba siku ya kuingia, arudishiwe siku ya kutoka. Kambo mwenyewe ana vyumba viwili alivyopangisha, kwa hiyo anajua garanti hukaa wapi: inakaa mfukoni, na inaliwa. Alipoambiwa «garanti ya motoka», aliona mabati yake yakiingia mfukoni mwa mtu.

Nilikwenda kwanza kwenye kamusi, kama mwanafunzi yeyote. *Amana* nikaikataa: anayeweka amana anaomba kutunziwa, anayetoa *caution* analazimishwa. *Rehani* iko karibu, lakini rehani ni kitu unachokitoa mkononi kwa sababu umekopa. *Dhamana* inafaa kwa maana. Ila nilipoitamka, kambo alikaa kimya, na ukimya huo mfasiri anaujua.

Kamusi ilinipa zawadi moja, kwa pesa ya hoteli. Kwenye risiti palikuwa na neno *arrhes*. Sheria ya Ufaransa ya walaji hutofautisha *arrhes* na *acompte*. Kwa *arrhes* kila upande unaweza kujitoa: mteja akijitoa anaipoteza pesa yake, mfanyabiashara akijitoa anairudisha mara mbili. Kwa *acompte* mmeshafungana, hakuna kutoka. Mkataba usiposema vingine, pesa iliyotangulizwa huhesabiwa kuwa *arrhes*. Kiswahili kina *arabuni*, pesa ya kutanguliza ili kushika biashara, neno lililotufikia kwa Kiarabu. *Arrhes* lilitoka Kilatini, Kilatini kililipata kwa Kigiriki, na Kigiriki kwa lugha za Kisemiti, ukoo uleule wa neno la Kiarabu. Maneno mawili ya ukoo mmoja yalipita pande mbili za bahari, yakakutana kwenye risiti ya mama mdogo. Nakiri nilifurahi kupita kiasi. Kambo hakufurahi, *arabuni* pia hakuijua.

Kwa hiyo nikarudi kwenye swali lake la usiku, na ndani yake mlikuwa na uchambuzi mzuri kuliko wangu. Alitumia vitenzi viwili, *kula* na *kufunga*. Tazameni tofauti yao ya kimofolojia. *Funga* ina kinyume ndani ya mwili wake: *fungua*, kwa kiambishi kilekile cha kutengua tunachokiona katika *ziba* na *zibua*, *kunja* na *kunjua*. *Kula* haina. Hakuna kitenzi cha Kiswahili cha kutengua kula. Mtu anayesema pesa imefungwa amesema tayari kwamba kuna mlango wa kurudi. Anayesema imeliwa amesema hakuna. Nomino *garanti*, *dhamana*, hata *caution* yenyewe, hazikwambii lolote juu ya mlango huo. Mabati yote ya kambo yalikuwa ndani ya kiambishi -u-.

Jibu langu likawa hili: «Ya hoteli balishaikula. Ya motoka balishaifunga; siku tunarudisha motoka, batafungua.» Kweli *caution* hufanya hivyo: benki huizuia pesa kwenye kadi bila kuitoa, na huiachilia baada ya gari kurudi, mara nyingi siku kadhaa baadaye. Kambo akauliza ni nani mwenye ufunguo. Ni kampuni, na benki baada yake. Akaridhika, akatoa dola zake.

Ikabaki *franchise*. Kifaransa kililiunda kutokana na *franc*, kwa maana ya kuwa huru: kwa sehemu hiyo ya hasara, mwenye bima ndiye aliye huru asilipe. Jina limetolewa kutoka upande wa kampuni. Mteja hahusiki nalo, ndiyo sababu halimwambii kitu. Kambo alipoelezwa mfano wa mlango kugongwa, alisema: «Ya kwanza ni yetu, ya kubaki ni yabo.» Sijasikia tafsiri bora. Ingeweza kuandikwa hivyo hivyo kwenye karatasi.

Neno jingine lililojigawa ni *mtoto*, nalo nitalipitia haraka. Langoni mwa Disneyland, wa chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi, wa 3 hadi 11 ni mtoto, wa 12 ni mtu mzima; binamu yangu wa miaka 13 alilipiwa kama baba yake. Kwenye Big Thunder Mountain mtoto ni aliye chini ya mita 1.02, kwenye Indiana Jones chini ya 1.40. Ndani ya gari, Ubelgiji inataka kiti maalumu kwa aliye chini ya sentimita 135, Ufaransa kwa aliye chini ya miaka 10. Wa miaka minane alikuwa mtoto mahali pengi, na alikasirika kila mahali. Kiti chake kilikodiwa kwa bei ya siku, na bei hiyo ililiwa.

Gari lilirudishwa Jumatatu, mazutu yakiwa yamejaa kama yalivyotolewa. Mtumishi alionyesha mkwaruzo karibu na gurudumu. Mkwaruzo ulikuwa umeandikwa kwenye fomu ya kutoka, tena binamu alikuwa ameupiga picha kabla ya kuondoka. Pesa ilifunguliwa siku ya sita.

Nimebakiwa na deni moja la istilahi. *Rachat de franchise*, kulipa zaidi ili ile «ya kwanza» isiwe yako, niliipendekeza kama *kukomboa*. Kambo alikataa: kwake kukomboa ni kazi ya Yesu, si ya watu wa magari. Alipendekeza *kubahamishia*, kuwahamishia wao ile ya kwanza. Ninaona ametenda haki kwa kitenzi, kwa sababu kiambishi cha kutendea kinaonyesha mzigo umetuliwa kwa nani. Mwalimu wetu wa semantiki anashikilia *komboa*, na wenzangu wa mwaka wa tatu wamegawanyika.