Kompyuta na Michezo Yako ya Sataranji

Mwanafunzi mwenzangu, ukishafungwa usiikimbilie kompyuta mbio mbio. Kwanza chukua daftari ulimoandika hatua zako, uzipitie mwenyewe, utie alama pale unapodhani mambo yaliharibika. Hapo ndipo ufungue programu kama Stockfish, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu 2008. (Kuifungua katikati ya mchezo na mwenzako ni wizi mtupu.)

Programu itakupa nambari. Ya kujumlisha ni faida ya mweupe, ya kutoa ni ya mweusi, na moja ni kama askari mmoja. Vijisehemu visikusumbue, tafuta pale nambari iliporuka ghafula.

Hebu tuchukue mfano. Mweupe aanza e4, mweusi e5. Farasi mweupe aja f3, naye mweusi amlinda askari wake kwa f6. Farasi amla yule askari wa e5. Kumbe farasi wa bure! Mweusi amla, mara nambari yapanda juu. Kwa nini? Programu haielezi. Basi ilazimishe: wewe shika mweusi, nayo icheze. Malkia aja h5, amtisha mfalme. Ziba kwa g6. Malkia amla askari wa e5, amtisha mfalme tena, na papo hapo aivizia ngome ya h8. Ngome imekwenda! Afadhali mweusi angemwacha farasi, ampeleke malkia wake e7.

Andika sababu hiyo daftarini kwa maneno yako. Baada ya siku mbili tatu, panga kete vile vile bila kompyuta, uone mkono utaelekea wapi.