Homa Ikishuka, Mwalimu wa Mazoezi Asikimbilie Uwanjani

Mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Kikwajuni, eneo la Uwanja wa Mao Zedong, akiugua kidingapopo, yaani homa ya dengi, hukabiliwa na uamuzi mgumu siku ya nne au ya tano. Homa imeshuka, wanafunzi wanamsubiri, na kila darasa lililoahirishwa ni ujira uliopotea. Hapo ndipo hushawishika kurudi, na hapo ndipo penye hatari.

Kipindi kibaya cha maradhi haya huwa baina ya siku ya tatu na ya saba, aghalabu homa inaposhuka. Majimaji ya damu huweza kuvuja kutoka mishipa midogo, na chembe zinazosaidia damu kuganda hupungua. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa na damu puani au katika fizi humlazimu mgonjwa kwenda hospitali mara moja; Mnazi Mmoja haiko mbali. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, ambazo huzidisha hatari ya kutokwa na damu.

Jina lenyewe ni kongwe Unguja: daktari James Christie aliandika juu ya “kidinga pepo” ya mwaka 1870, ingawa huenda ile ilikuwa chikungunya.

Basi tangazo kwa wanafunzi lisitaje siku ya kurudi. Wala madarasa yaliyokosekana yasifidiwe kwa kufundisha mawili kwa siku, kwani uchovu huweza kudumu wiki kadhaa. Akirudi, aelekeze kwa sauti akiwa ameketi, mwanafunzi mzoefu aonyeshe.