SOMO LA AFYA: Sindano Imebadilika, Kipimo Je?

Somo letu la leo ni la wale wenye baridi yabisi wanaojidunga wenyewe nyumbani dawa ya methotrekseti, pamoja na jamaa wanaowatunza.

Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Ugonjwa huu ni ule ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Asubuhi vidole vya mikono yote miwili huwa vimevimba na kukakamaa, hata kufunga kifungo ni kazi. Methotrekseti hutuliza shambulio hilo, lakini pole pole: huenda zikapita wiki 6 hadi 12 kabla ya kuona nafuu.

Mfano

Tuseme yuko mama mmoja wa Matondoni. Amezoea dawa ya kichupa na bomba la sindano la plastiki. Kipimo chake ni miligramu 15 kila Jumatatu, na muuguzi alimfundisha avute hadi mstari wa mililita 0.6. Dawa hununuliwa Mombasa, huja kwa basi mpaka Mokowe, kisha kwa boti. Wiki moja mwanawe akaja na aina nyingine: bomba ambalo dawa imo ndani tayari. Mama akalitazama, akaona dawa ni nusu ya ile aliyoizoea.

"Mwanangu, mbona wamekupunja? Basi leo nitadunga mbili."

Hapo ndipo penye hatari! Hakupunjwa mtu. Kichupa cha zamani kilikuwa na miligramu 25 katika kila mililita. Bomba jipya lina miligramu 50 katika kila mililita. Kwa hiyo mililita 0.3 ya sasa ni miligramu 15 zile zile. Ni kama tui la nazi: kikombe cha tui jepesi na nusu kikombe cha tui zito huenda vikawa na nazi sawa. Angejidunga mabomba mawili, angepata miligramu 30, maradufu ya kipimo chake.

Kosa lingine ni kuazima bomba la insulini la mgonjwa wa sukari. Nambari zake si miligramu. Ukivuta dawa ya kichupa kile hadi 15 kwenye bomba la insulini la 100, utapata miligramu 3.75 tu, yaani robo ya kipimo. Utabaki na maumivu, useme dawa haifai.

Mambo ya kushika

1. Jua kipimo chako kwa miligramu, si kwa mstari wala kwa wingi wa maji. Kiandike kwenye karatasi ukiweke pamoja na dawa.

2. Sindano ikibadilika, usidunge kwanza. Soma jumla ya miligramu zilizomo na miligramu katika kila mililita. Usipoelewa, peleka boksi kwa muuguzi au mfamasia akuonyeshe, nawe umwonyeshe ulivyoelewa.

3. Dawa hii ni mara moja kwa WIKI. Kuitumia kila siku kumeua watu. Chagua siku, uitie alama kwenye kalenda.

4. Ipo pia aina ya kalamu, ambayo hugandamizwa kwenye paja au tumbo ikajidunga yenyewe. Huwafaa wenye vidole dhaifu. Usiiondoe mapema, shikilia kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo yake, la sivyo dawa itamwagika juu ya ngozi.

5. Badilisha mahali pa kudunga kila wiki. Dawa ikimwagika, osha kwa maji na sabuni. Mjamzito asiitumie wala asiiguse.

6. Sindano iliyotumika usiifunike tena, wala usiitupe jalalani au baharini. Watoto huokota, na punda hula jalalani. Itie ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko, ukijaa ukirudishe hospitalini.

Ukipata vidonda mdomoni, homa, kikohozi kikavu na kukosa pumzi, au michubuko bila kuumia, usingoje siku ya kliniki. Panda boti uende hospitali. Ukikumbuka kwamba umezidisha kipimo, nenda siku hiyo hiyo, hata kama hujisikii vibaya, maana ipo dawa ya kuzuia madhara nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Tena usikose kupimwa damu kama ulivyoagizwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Je, nyumbani kwako nani mwingine anajua kipimo chako kwa miligramu?
- Anayetumwa kununua dawa Mombasa ameandikiwa nini kwenye karatasi?
- Kijijini kwetu sindano zilizotumika huenda wapi?

Mama wa mfano wetu alifanya nini? Alimtuma mwanawe akamwite muuguzi kwanza. Akadunga moja. Nawe fanya hivyo.