Simu ya Keshi au ya Mkopo? Piga Hesabu Kwanza

Ukipita maduka ya simu mjini Garissa, simu moja inaweza kuwa na bei mbili. Kuna ya keshi, na kuna ya mkopo: lipa kiasi leo, halafu shilingi kadhaa kila siku. Bei ya siku huonekana ndogo kama ya kikombe cha chai, ndiyo maana wengi wetu hatuulizi jumla.

Tuseme simu ni sh. 10,000 keshi. Kwa mkopo unatoa sh. 2,500 kwanza, kisha sh. 45 kila siku kwa mwaka mzima. 45 mara 365 ni 16,425. Ongeza zile 2,500, unapata 18,925. Umetoa sh. 8,925 zaidi, karibu bei ya simu ya pili. Hizi ni namba za mfano tu. Weka za duka lako. Si mikopo yote iko hivyo. Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mteja alitoa sh. 1,000 na kulipa sh. 20 kwa siku kwa miezi tisa, yaani kama sh. 6,400. Kwa hivyo muulize muuzaji: mpaka nimalize, nitakuwa nimelipa ngapi?

Jambo la pili ni kufungwa. Simu ya mkopo huwa na programu inayoifunga ukikosa kulipa. Mwenye mshahara hasumbuki sana. Lakini mfugaji anapata pesa siku ya soko la mifugo, si kila asubuhi, na akiwa malishoni pengine hakuna mtandao wa kulipia. Kama ni wewe, ukiuza mbuzi lipa siku nyingi mbele kabla hujatoka mjini. Na simu ikifungwa, usiogope: pesa zako haziko ndani ya simu, ziko kwenye laini. Toa laini, iweke kwenye kabambe, utatuma na kupokea kama kawaida.

Swali la riba nalo lipo, na ni la haki. Wanazuoni wengi wanakubali bei ya mkopo iwe juu ya ya keshi, mradi mmeafikiana bei moja tangu mwanzo. Faini ya kuchelewa ndiyo yenye utata. Soma kama mkataba una faini, kisha muulize sheikh wako.

Kama unaweza kusubiri, ayuuto ni njia nzuri kuliko zote mbili. Watu kumi wakichanga sh. 1,000 kila mwezi, kila mmoja ana zamu yake ya 10,000, na hakuna anayelipa nyongeza. Shida ni kwamba zamu yako inaweza kuwa ya mwisho. Kama simu ndiyo kazi yako, tuseme unaendesha boda au unauza nguo kwa WhatsApp, kuikosa miezi tisa kunaweza kukugharimu zaidi ya mkopo. Hapo chukua mkopo bila aibu.

Usikope kwa kitambulisho chako kwa niaba ya mtu mwingine, hata jirani mwema wa Dadaab ambaye hana kitambulisho. Akikosa kulipa, deni ni lako.

Na jihadhari na simu ya mkono wa pili ya bei rahisi mno. Pengine mkopo wake haujaisha, na itafungwa ukishaondoka. Mwambie muuzaji akuonyeshe ujumbe wa kumaliza deni. Hata zawadi kutoka kwa jamaa wa Minneapolis ina mtego wake: huko simu nyingi za mkataba hufungiwa mtandao mmoja, na laini ya Kenya haitashika. Mwambie ahakikishe imefunguliwa na kampuni yake kabla hajaituma, kwa sababu ikishafika Garissa ni yeye tu, kule aliko, anayeweza kuwafuata.