SOMO: MATIKO YA JEMBE NA SHOKA, NA VYOMBO VYA KAZI HIYO



Mvua za kwanza zinapokaribia, watu wengi hupeleka majembe na mashoka kwa mhunzi. Shoka la huyu limevunjika meno. Jembe la yule limejikunja kama jani. Wote wanasema: «Chuma cha siku hizi ni kibaya.» Mara nyingi chuma si kibaya; moto ndio uliokiharibu. Na mvua haimngoji mtu ambaye jembe lake limevunjika. Basi tujifunze namna ya kutia chuma moto bila kukiharibu.

1. Matiko ni nini?

Chuma kina namna mbili. Chuma laini, kama waya wa ua, hakipokei matiko. Chuma kikali, ndiyo pua, kina makala kidogo sana iliyochanganyika ndani yake. Resori ya kamyo, yaani vile vyuma vilivyopinda vinavyobeba sanduku la gari, ina makala kama sehemu 6 katika 1000. Tupa ina sehemu 10 au zaidi. Hicho kidogo ndicho kinacholeta ugumu.

Pua ikitiwa moto mpaka iwe nyekundu, kisha ikazimwa ghafula, inakuwa ngumu sana. Hayo ndiyo matiko. Lakini sasa ni ngumu kama chupa: inakata, na tena inavunjika. Sherti ipate moto wa pili, mdogo, wa kupunguza ugumu ule. Wengi wanaujua moto wa kwanza. Wa pili hawaujui, ao wanauacha kwa haraka.

Mimi mwenyewe nilikosa hivyo. Nilifua kisu kwa tupa ya zamani, nikakizima majini, nikafurahi kwa ukali wake. Kesho yake nilipiga tawi kavu. Ncha ikaruka, ikanikata chini ya jicho. Tangu siku ile siachi moto wa pili.

2. Vyombo

a) Tanuru dogo la udongo na makala ya mti mgumu. Liwe kivulini: juani rangi ya chuma haionekani vizuri, na mtu hukipasha kupita kiasi.
b) Mivukuto yenye mwanzi wa udongo. Upepo uwe wa taratibu, usio wa kukatika.
c) Koleo linaloshika sawasawa. Koleo lililolegea huangusha chuma wakati wa kukizima.
d) Fuawe na nyundo.
e) Sumaku, kama ile iliyo ndani ya radio iliyokufa. Itundikwe kwa waya.
f) Chombo cha chuma chenye mafuta ya mawese, pamoja na kifuniko chake, na ndoo ya maji.
g) Sanduku la majivu makavu.
h) Tupa nzima, na jiwe la kunolea.

3. Kazi yenyewe: shoka la resori

Kwanza, fueni shoka likiwa jekundu. Likiisha kupata umbo, lipasheni tena, mlifukie katika majivu makavu hata lipoe kabisa, usiku mzima. Likipoa polepole hivyo linakuwa laini, na tupa italichonga.

Pili, pasheni makali tu, upana wa vidole vitatu. Yakiwa mekundu, yagusisheni sumaku upesi. Ikivutwa, moto bado. Isipovutwa tena, moto ni karibu digri 770: ongezeni kidogo tu, basi. Msingoje chuma kiwe cheupe na kutoa cheche. Pua iliyoungua hivyo haiponi tena.

Tatu, zamisheni makali katika mafuta, wima, mkiyatembeza juu na chini. Mafuta yawe ya uvuguvugu, maana mawese yaliyoganda hayazunguki vema. Resori ikizimwa majini huweza kupasuka. Kwa hiyo tunapenda mafuta. Mafuta yakiwaka, funikeni kwa kifuniko. Msimwage maji juu yake hata kidogo: moto utaruka na kuwachoma.

Nne, jaribuni kwa tupa. Ikiteleza bila kukwaruza, matiko yameingia.

Tano, ndio moto wa pili. Sugueni makali kwa jiwe mpaka yang’ae. Wekeni upande wa nyuma wa shoka juu ya makala, makali yawe nje ya moto. Mtaona rangi zikitembea polepole kutoka nyuma kuelekea makali. Zifuateni hivi:

— Rangi ya majani makavu, karibu digri 220: bado ni gumu mno.
— Kahawia, karibu 255: yafaa kwa kisu.
— Zambarau, karibu 280: yafaa kwa shoka.
— Buluu, karibu 300: yafaa kwa jembe, maana jembe hukutana na mawe.

Rangi mnayoitaka ikifika kwenye makali, zimeni mara moja majini.

4. Makosa ya nyumbani

Kipande cha mpini kikikwama katika tundu la shoka, watu hutupa shoka lote motoni ili mti uungue. Mti unaungua, na matiko yanatoka pia. Fukieni makali katika udongo wenye maji, mchome upande wa tundu tu.

Vilevile mtu akichoma mpini kwa mkia wa jembe uliopashwa, afunge bamba la jembe kwa kitambaa chenye maji, na kukilowesha tena kila kikikauka.

Msitie motoni bati wala waya wenye ngozi nyeupe ya zinki: moshi wake huleta homa na kifua. Msitie kamwe bomba lililozibwa pande mbili, wala chombo msichokijua kilichotoka kwenye machimbo. Kinaweza kupasuka na kuua.

5. Shaba si kama pua

Wazee wa Katanga walioyeyusha shaba na kufanya misalaba yake, ile iliyokuwa feza ya biashara, walijua neno hili. Shaba haipati ugumu kwa kuzimwa majini. Inakuwa ngumu kwa kupigwa na kuvutwa. Ikitiwa moto inarudi kuwa laini, hata ikizimwa ghafula. Kwa hiyo mwenye kuvuta waya wa vikuku huipasha tena na tena, isikatike. Desturi ya shaba msiipeleke kwa pua.

Maulizo

1. Kwa nini waya wa ua haupokei matiko?
2. Sumaku inatuonyesha nini?
3. Moto wa pili una kazi gani?
4. Shoka tunalizima kwa rangi gani? Na jembe?
5. Mpini ukikatikia ndani ya tundu, tufanye nini?

Anayeweza kujibu haya yote, aende kwa mhunzi wa kijiji chake kabla ya mvua, watazame rangi hizi pamoja.