Kufumbia macho kwa Kiingereza

Turn a blind eye: msemo huu utausikia kwenye taarifa za habari, utausoma kwenye ripoti za ukaguzi. Kabla hujauchomeka kwenye barua yako, pitia haya.

1. Lazima uwe umeona. Mwenye nyumba asiyejua kwamba mpangaji wake anapika gongo uani, msemo huu haumhusu. Anayeisikia harufu, akakohoa kidogo na kupita zake kwa kuwa kodi inaingia kwa wakati, huyo ndiye.

2. Mjue Nelson, ambaye msemo huu huhusishwa naye. Tarehe 2 Aprili 1801, meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikipambana na za Denmark mbele ya Copenhagen. Mkuu wa msafara, Sir Hyde Parker, akapandisha bendera za kuamuru mapigano yasitishwe. Naibu wake, Horatio Nelson, jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika tangu mapigano ya Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Husimuliwa kwamba aliegemeza darubini kwenye jicho hilo hilo, akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupiga mizinga hadi akashinda. Kuna wanahistoria wanaodai kisa kimetiwa chumvi. Na kitiwe, maana yake haitakupotea. (Picha za Nelson mwenye kitambaa jichoni zipuuze, hakukivaa.)

3. Usiangushe "to". Hapa ndipo wengi wetu tunateleza, maana Kiswahili kimeshamaliza kazi ndani ya kitenzi: tunafumbia macho rushwa, basi. Kiingereza kinadai turn a blind eye to corruption. Jicho nalo libaki moja.

4. Pima uzito. Kondakta aliyemwachia mwanafunzi mwenye nauli pungufu, ukisema he turned a blind eye, umemsifu kwa huruma. Ukimwandikia hivyo bosi wako kuhusu stoo inayovuja, umemshtaki. Uwe na ushahidi.

5. Masikio yana msemo wake: turn a deaf ear, wa anayeonywa au kuombwa akatia pamba masikioni.

6. Wapo wanaoukwepa kwa kuwa unafananisha upofu na kosa. Kwa wasomaji usiowajua, "ignore" inatosha.

7. Ukikuta "a blind eye was turned", rudia kusoma. Jicho limegeuzwa, aliyeligeuza hatajwi. Ndivyo ripoti za ofisini zinavyopenda. Wewe ukiandika, anza na jina lake.