SOMO: CHOMBO NACHO KINA NENO LAKE



Katika somo hili tunaeleza jinsi elimu ya vyombo vya habari inavyomsaidia mfanyakazi kuielewa simu aliyo nayo mkononi.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Kanada, Marshall McLuhan, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba haitoshi kuitazama habari peke yake. Yafaa kukitazama pia chombo kinachoileta, maana chombo hubadilisha namna watu wanavyoishi na kufanya kazi.

Sisi Wanyarwanda tunalijua jambo hili kwa uchungu. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Maneno yake yalikuwa sumu, na chombo kikaipa sumu hiyo miguu: sauti moja iliwafikia maelfu kwa mara moja, hata wasiojua kusoma.

Sasa tutazame kazini. Tuseme hapa Nyundo zamu zilizokuwa zikibandikwa ubaoni zinatumwa kwa WhatsApp. Maneno ni yaleyale, lakini mambo manne yamebadilika:

(a) Asiye na simu ya intaneti anakosa siku ya kazi.

(b) Gharama ya tangazo imehama kwa mwajiri, imemwangukia mfanyakazi anayenunua kifurushi.

(c) Amri inamfuata mtu nyumbani saa tatu usiku, muda usiolipwa.

(d) Ubaoni tulisoma pamoja tukajadiliana. Sasa kila mmoja anasoma peke yake, na msimamizi anaweza kuona nani amesoma.

Tena, nyuma ya kioo cha simu wamo wafanyakazi wenzetu. Jijini Nairobi vijana waliajiriwa kupitia makampuni ya kati kutazama picha za mauaji na ukatili ili ziondolewe Facebook na TikTok. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana, wakapiga kura kuunda chama chao.

Ndugu, hatuikatai simu. Simu hiyohiyo inaweza kutuitia mkutano. Tunachodai ni kwamba masharti ya kuitumia kazini yaandikwe katika mkataba, kama yanavyoandikwa masaa na mshahara.

Maswali ya kujadiliwa:

1. Kazini kwenu, nani analipia kifurushi?

2. Nani anaachwa nje tangazo likitumwa kwa simu?

3. Ujumbe wa kazi ukome saa ngapi?